Nta Haisikii Maji

Mteja alikuwa aje Jumamosi. Mimi niliharibu gari Alhamisi.

Siku hizo ziwa lilikuwa limefungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana, na Ikola, ambako usiku wa kawaida taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa majini utadhani kuna mji mwingine huko, ikawa inalala gizani. Mjomba wangu hununua dagaa na migebuka mwaloni na kupeleka Mpanda. Ziwa likifungwa, mfuko wake nao umefungwa. Na katikati ya hayo, bibi, mama yake mjomba na mama yake mama yangu, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na daktari alishasema kungoja zaidi hakuna maana. Safari, malazi, mtu wa kumsindikiza, matibabu yenyewe: mjomba alipiga hesabu kwenye karatasi ya sigara, akaikunja, akatangaza kwamba anauza gari.

Gari lenyewe ni RAV4 ya zamani, ile ya milango mitatu ambayo mjini waliibandika jina la Kilitaimu. Rangi yake ni ya kijani iliyokolea, lakini chini kote, kuanzia bampa ya mbele, juu ya matairi, ubavuni mwa milango hadi bampa ya nyuma, limevaa plastiki nyeusi isiyopakwa rangi. Plastiki hiyo ndiyo kesi yetu.

Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya utafiti. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu biashara ya nta ya nyuki katika nyanda za magharibi: Tabora, Ukonongo, hadi huku ziwani. Ndiyo, nta. Kichekesho chake nakiona.

Nilitaka kusaidia. Mjomba alikuwa ananilaza na kunilisha bure, nikasema angalau nimng'arishie gari kabla mteja hajafika. Nilikuwa nimenunua kopo la polishi Mpanda. Nikaosha gari, nikachukua sponji, nikapaka kila mahali, saa saba mchana, jua la Juni likiwa kali na hewa kavu. Kila mahali maana yake kila mahali. Nyuma ya kopo kulikuwa na maandishi madogo yaliyosema usipake kwenye plastiki nyeusi, nami niliyasoma jioni. Msomi.

Kufikia saa kumi kijani kilikuwa kinang'aa vizuri mno. Lakini ile plastiki ilikuwa imetoka mabaka meupe, mistari ya mviringo ilikopita sponji, na ukungu kama wa majivu kwenye kila kona. Mjomba alitoka ndani na kikombe cha chai, akazunguka gari mara moja bila kusema kitu.

"Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake, "hii sasa ni nini?"

"Polishi, mjomba. Itatoka."

"Mtu akiona hivi atasema gari liligongwa likapigwa rangi upya. Huyu mtu anatoka Mpanda. Atashusha bei kabla hajafungua mlango."

Nikachukua ndoo. Nikamwaga maji, na mara plastiki ikawa nyeusi kama mpya. Nikashusha pumzi. Dakika kumi baadaye jua likakausha maji na weupe ukarudi ulivyokuwa. Nikaongeza sabuni ya unga. Ukarudi. Nikasugua kwa kitambaa kikavu, weupe ukasambaa hata pale ambapo haukuwepo.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Polishi ya gari ni mchanganyiko. Ndani yake kuna nta, kuna kimiminika cha kuiyeyusha ili ipakike, na aina nyingi huwa pia na unga laini sana wa kusugulia uchafu. Ukipaka, kile kimiminika kinaruka hewani na kuacha nta na unga. Juu ya rangi, ambayo ni laini kama kioo, unapitisha kitambaa na unga wote unaondoka. Lakini plastiki ile si laini. Waliitengeneza kwa makusudi iwe na vinundu na vishimo kama ngozi, ili mikwaruzo isionekane. Nta inaingia vishimoni, inakauka humo pamoja na unga wake mweupe, na kitambaa kinapita juu bila kuifikia. Maji yanapojaa vishimo unaona weusi, yakikauka unaona weupe. Maji hayajaondoa kitu. Yamefunika tu.

Nilikuwa na kurasa arobaini nilizoandika juu ya nta na sikujua namna ya kuitoa kwenye bampa.

Nieleze kidogo yaliyokuwa kwenye kurasa hizo, kwa sababu usiku ule niliyafikiria yote upya.

Katika misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, mtu hakwenda porini kutafuta nta. Alikwenda kutafuta asali. Alichonga mzinga wa gogo, au alibandua gome la mti, myombo au mtundu, akalikunja likawa mzinga, akaufunga kwa kamba za gome hilo hilo na kuupandisha juu. Mvua zikiisha na maua yakipita, alirudi na moshi. Asali ilikuwa chakula, dawa, zawadi ya mkwe na malipo ya mganga, na zaidi ya yote ilikuwa pombe. Masega yalilowekwa majini, utamu ukatoka, wakapata wanzuki. Kilichobaki kwenye chungu, ile mikamuo ya kahawia inayonata, kilikuwa taka. Walitumia kidogo kuziba ufa wa chungu au kulainisha ngozi ya ngoma, na mengine wakayatupa.

Kwa hiyo historia ya nta katika nchi hii inaanzia kwenye kitu kilichobaki baada ya watu kuchukua walichokitaka. Misafara iliyopita hapa katika karne ya 19 kwenda Ujiji na kuvuka kwenda Manyema ilifuata pembe za ndovu na watu. Nta ilikuwa chini ya miguu yao.

Mambo yaligeuka wakati wa Wajerumani. Mwaka 1897 serikali ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilitangaza kodi ya kibanda, na mtu aliyeishi mbali na pwani, mbali na mashamba ya wazungu, akatakiwa kupata fedha. Auze nini? Asali inamwagika, inachacha, na mlevi akiipata njiani haifiki. Mtama ni mzito na bei yake ndogo. Nta haiozi, panya hawaitaki, mvua haiiyeyushi. Unaichemsha kwa maji, unaichuja kwa kitambaa, unaiacha igande iwe donge, unaibeba kichwani wiki mbili na inafika vile vile ilivyotoka. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu waliinunua vijijini, ikakusanywa Tabora, na reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 mzigo ukapata miguu ya chuma. Huko Ulaya iliingia kwenye mishumaa, dawa za viatu, polishi za sakafu na vipodozi. Taka ya chungu cha pombe ikawa kodi, na kodi ikawa sakafu inayong'aa ya mtu ambaye hatajua mtundu ni mti gani.

Huwa nasimama hapa kila ninapowasomea wenzangu sura hii darasani, maana daima kuna anayesema, basi ilikuwa faida, si walikuwa wanaitupa? Jibu langu ni kwamba faida na kulazimishwa vinaweza kukaa katika donge moja. Mzee mmoja wa Inyonga aliniambia babu yake alikuwa akihesabu mizinga kwa majina ya mwaka wa kodi. Mzinga huu ni wa mwaka jana, huu ni wa mwaka huu. Sina karatasi ya kuthibitisha, na sikuiweka kwenye tasnifu, lakini naiamini kuliko baadhi ya karatasi nilizonazo.

Waingereza walikuja na jambo lingine. Kuanzia miaka ya 1920, kwa sababu ya malale na mbung'o, watu wa sehemu kubwa ya magharibi walihamishwa kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika msituni na kukusanywa kwenye makazi machache. Inyonga ni mojawapo ya makazi hayo. Msitu ukabaki mtupu, ukageuka kuwa hifadhi, na mizinga ikabaki ndani yake. Ndipo mrina asali akawa mtu wa kuomba ruhusa ya kuingia mahali alipozaliwa baba yake. Ruhusa hiyo anaiomba mpaka leo katika mapori kadhaa, na kwa sababu hiyo wazee niliozungumza nao hawakutamka neno "hifadhi" bila kwanza kukohoa kidogo.

Wakati huo huo serikali ile ile iliitaka nta. Baada ya Vita vya Pili iliweka maafisa wa nyuki. Mmoja wao, F. G. Smith, mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu ufugaji nyuki katika nchi za joto, ambacho wanafunzi wa nyuki walikitumia mbali na hapa, na mengi ya yaliyomo aliyajifunza kwa kutazama mizinga ya magome ya watu wasiojua kuandika. Miaka michache ya kwanza ya uhuru warina asali wa Tabora walikuwa na chama chao cha ushirika, na malori yalikwenda hadi Inyonga kuchukua asali na nta.

Sidai kwamba nta ya kopo langu ilitoka Inyonga. Polishi za magari za leo hutumia zaidi nta ya carnauba, inayokwanguliwa kwenye majani makavu ya mchikichi wa aina yake unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, pamoja na nta za kutengenezwa kiwandani kutokana na petroli. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi. Carnauba hutaka zaidi ya 80. Ndiyo maana inapendwa kwenye magari, boneti likichemka juani nta haikimbii. Na ndiyo maana bampa ya mjomba ilikuwa mbishi.

Asubuhi ya Ijumaa bibi aliomba aletewe kigoda uani. Alikuwa amesikia mazungumzo yetu ya usiku, na mtu asiyeona vizuri husikia mengi.

"Mke mwenzangu," akaniita. Ananiita hivyo tangu nikiwa mtoto, kwa ajili ya babu ambaye sikumkuta. "Nipeleke nikalishike hilo gari."

Nikampeleka hadi bampa ya nyuma. Akapitisha kidole, kisha ukucha. Akanusa ukucha.

"Nta," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe unaiosha kwa maji."

Sikujibu.

"Nta haisikii maji. Ingekuwa inasikia maji nyuki wangekuwa na nyumba masika? Nta inasikia moto na mafuta."

Bibi alizaliwa Karema, na kwa miaka mingi alikuwa katika kundi la akina mama waliofua vitambaa vya altare kwenye parokia. Ukiwa Ikola, Karema ni jirani tu, kusini kidogo kwenye ufuko huo huo. Ni mji wenye historia nzito kuliko ukubwa wake. Mwaka 1879 kapteni Mbelgiji, Cambier, aliweka pale kituo cha jumuiya ya Mfalme Leopold, kabla Leopold hajaipata Kongo yake. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, na ngome ikawa misheni. Kanisa Katoliki lilikuwa na desturi ya zamani kwamba mishumaa ya misa iwe ya nta ya nyuki, au sehemu yake kubwa iwe hiyo. Misheni iliyozungukwa na misitu ya miombo haikuwa na sababu ya kupata shida juu ya hilo. Sijui kama yupo mwanahistoria aliyewahi kuuliza nani alifua vitambaa. Mimi mwenyewe sikuuliza mpaka gari liharibike.

Akanieleza. Mshumaa ukidondokea kitambaa, kwanza usiguse. Acha nta igande kabisa. Kwangua kwa mgongo wa kisu, si kwa makali. Kisha weka karatasi ya kaki chini na nyingine juu, pitisha pasi ya mkaa taratibu. Nta inayeyuka, inakimbilia karatasi. Badilisha karatasi, rudia, mpaka karatasi itoke safi. Doa la mafuta likibaki, sabuni ya mawese na jua. "Mapadri walidhani tunafua kwa maji," akasema, akacheka peke yake.

"Lakini plastiki haipigwi pasi, bibi."

"Nani kasema pasi? Kitambaa na maji ya moto. Halafu mafuta. Mafuta yapo jikoni."

Mjomba, aliyekuwa anasikiliza kutoka mlangoni, alipendekeza mafuta ya taa. Ni kweli mafuta ya taa yanaiyeyusha nta, hata fundi yeyote wa gereji angeshauri hivyo. Lakini yakigusa rangi yanaondoa na ule mng'ao wa kijani uliobaki kuwa fahari yangu pekee, na plastiki iliyochomwa na jua miaka ishirini na kitu yanaweza kuifubaza zaidi. Nikasema tuyaweke kama silaha ya mwisho. Nikataja pia kwamba kuna watu huko nje hupaka siagi ya karanga, kwa sababu ina mafuta ya kulainisha na chenga za kusugua.

"Karanga ni za kula," bibi akasema. Mjadala ukaishia hapo.

Hapa niseme jambo kuhusu mafuta na vyuma, kwa sababu mjomba ndiye aliyelileta. Alipoona nakoroga mawese kwenye kibakuli alisema, "Haya, fanya kama Liemba." Ikola kila mtu ana hadithi ya Liemba. Meli hiyo ilikuwa inasimama mbali kidogo na ufuko, na mitumbwi inaifuata ikiwa na abiria, mbuzi, magunia na kelele.

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli na, pale ambapo reli ilikuwa haijafika, kwa mabega ya wapagazi. Mwaka 1915 ikaingia majini ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, Wabelgiji wakikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe ili adui asiipate. Mafundi waliopewa kazi hiyo ndio walioiunganisha. Kabla ya kuizamisha, mwezi Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, waliipaka injini yake grisi nene kila mahali. Huzamishi meli na kuipaka grisi isipokuwa unafikiri utarudi.

Hawakurudi wao. Waingereza waliiibua mwaka 1924, baada ya miaka minane majini, wakakuta injini ambayo bado inaweza kufanya kazi. Mwaka 1927 ikaanza safari ikiwa na jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone aliliandika alipofika upande wa kusini wa ziwa. Injini ile ya mvuke iliendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1970 ilipobadilishwa kwa dizeli. Mwaka 1997 meli iliwarudisha Kongo maelfu ya wakimbizi waliokuwa wamevuka kuja huku kukimbia vita.

Kinachonishughulisha mimi ni wiki ambazo vitabu havizisimulii. Kuna mtu alifungua chumba cha injini, akakuta tabaka la grisi ya miaka minane lililochanganyika na tope la ziwa, na akaanza kulitoa. Kwa nini? Kwa vyuma bapa, kwa matambara, kwa mafuta mepesi na maji ya moto, maana hakuna namna nyingine. Grisi ile ndiyo iliyoiokoa injini, na injini isingegeuka hata mara moja kabla grisi ile haijaondolewa. Jina la mhandisi aliyesimamia linaweza kupatikana. La mtu aliyeshika tambara, sijalikuta.

Basi tukaanza saa mbili asubuhi.

Kwanza nililiacha gari juani nusu saa ili plastiki ipate joto. Kisha nikachovya taulo kuukuu kwenye maji ya moto, nikalikamua, nikalibandika kwenye bampa na kulikandamiza mpaka lipoe, kama unavyomkanda mgonjwa. Maji ya moto kiasi cha kushikika hayatoshi kuyeyusha carnauba, lakini yanailegeza. Halafu mswaki uliochovywa kwenye mawese, naenda kwa mizunguko midogo, kiganja kwa kiganja. Mawese yana rangi, lakini kwenye weusi rangi hiyo haionekani, ila mswaki wenyewe uligeuka rangi ya machungwa na haujarudi. Povu la kijivu likaanza kutoka vishimoni. Hiyo ndiyo nta na unga wake. Nafuta kwa kitambaa kabla haijapoa, maana ikipoa inarudi ilikotoka. Mwisho sabuni, ile miche ya mawese inayotoka Kigoma, na maji mengi, ili mafuta yasibaki kushika vumbi na kuita sisimizi.

Sehemu nyembamba, kama mstari ulio chini ya kioo cha mlango, mswaki haukufaa. Pale nilitumia raba ya penseli. Unaisugua, inatoka chenga nyeusi zikiwa zimeibeba nta. Ni kazi ya polepole, na raba iliisha kabla mlango wa pili haujaisha. Watoto wa jirani walitumwa dukani kununua nyingine, wakarudi na tatu na maswali kumi.

Ugumu mwingine ni kwamba si weupe wote ulikuwa nta. Plastiki ya namna hii ikipigwa na jua miaka mingi hufifia yenyewe na kuwa kijivu. Nilikuwa nasugua mahali pamoja robo saa na hakuna kitu kinachotoka. Bibi ndiye aliyetofautisha. Alikaa kwenye kigoda chake, nami namsogeza kila tukimaliza kipande. Anapitisha ukucha. Ukucha ukichukua kitu, "bado." Ukitoka mtupu, "hapo pamezeeka tu, pasamehe."

Nikiwa nimepiga magoti nilifikiria kwamba tatizo langu lilikuwa jipya kabisa katika historia ya nta. Magari ya wakati wa ukoloni yalikuwa na bampa za chuma zilizopakwa kromu. Nta ikiikaukia kromu unaifuta kwa leso. Ni kuanzia miaka ya 1970 ndipo viwanda vilipohamia kwenye plastiki. Renault 5 ya mwaka 1972 ni kati ya magari ya kwanza kuuzwa kwa wingi yakiwa na bampa za plastiki, nyepesi na za bei nafuu, zinazogongwa kidogo na kurudi mahali pake. Kisha katika miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandarini Dar es Salaam, na plastiki nyeusi ikapanda hadi Ikola kwa njia ya vumbi. Nta na plastiki zilikuwa hazijawahi kukutana katika nchi hii. Mmoja ametoka kwenye mti na mwingine kwenye petroli, na mimi nimewakutanisha.

Tulimaliza saa tisa. Kona moja, nyuma ya tairi la kushoto, ilinishinda. Mgongo ulikuwa umekataa na mawese yameisha.

Jumamosi mteja alifika na bodaboda akiwa na fundi wake. Mjomba alikuwa amevaa shati la kanisani. Mteja hakutazama plastiki hata kidogo. Alilala chini akachungulia uvungu, akatingisha gari kila pembe, akasikiliza injini ikiwa imelala kisha ikiwa imewashwa, akamtuma fundi aendeshe hadi barabara kuu na kurudi. Fundi akasema shokapu za mbele zimekwisha. Wakaanza hapo. Waliketi chini ya mwembe karibu saa nzima, wakitaja tarakimu kwa sauti ya chini kama watu wanaopanga posa, na mjomba aliinuka mara mbili kama anayetaka kuondoka, akakaa tena mara mbili.

Walipopatana, mteja alizunguka gari lake mara ya mwisho. Nyuma ya tairi la kushoto akasimama. Akagusa ile kona kwa dole gumba.

"Hii nini?"

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama ziwa.

"Nta," bibi akajibu kutoka kwenye kigoda. "Mjukuu wangu alikuwa analipendezesha."

Mteja akafuta dole gumba kwenye suruali, akatoa bahasha, wakahesabu.

Gari lilipopanda mlima kuelekea Mpanda vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu. Mjomba aliingia ndani na zile fedha, nikasikia anampigia simu mtu kuulizia siku za daktari. Nilikuwa nakusanya ndoo na matambara. Kopo la polishi lilikuwa bado na zaidi ya nusu. Bibi akanyoosha mkono, nikampa. Akalifungua mwenyewe, akalisogeza puani, akanusa kwa muda.

"Hii si ya nyuki," akasema, akanirudishia.